Kifaransa ukubwani: Hesabu saa, usihesabu miezi
Na Mwandishi Wetu, Makambako

INACHUKUA muda gani kwa mtu mzima asiyejua hata neno moja la Kifaransa kufikia hatua ya kuizungumza lugha hiyo kwa ufasaha?

Ni swali lenye majibu mengi. Matangazo ya kozi fupi husema miezi mitatu. Waliojaribu wakakata tamaa husema haiwezekani, kwamba lugha hufundishwa utotoni. Majibu yote mawili hayana ukweli, na yote mawili yana gharama. La kwanza humpotezea mtu ada yake, la pili humpotezea nafasi.

Jibu lenye ukweli lipo, nalo hutolewa kwa saa, si kwa miezi. Makala haya yanaeleza hesabu hiyo ilivyo, na maana yake kwa mkazi wa Makambako au Njombe ambaye hana shule ya Kifaransa jirani na kwake.

Kwa nini Kifaransa, tena huku

Makambako ni njia panda. Hapa ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia inapokutana na ile iendayo Njombe na Songea, na hapa hapa reli ya TAZARA ina stesheni yake. Malori yanayopita kuelekea mpaka wa Tunduma hayaishii yote Zambia. Mengi huendelea hadi Lubumbashi na miji mingine ya migodi ya shaba huko Kongo.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi zinazotegemea sana bandari ya Dar es Salaam, na mwaka 2022 ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Burundi na Rwanda, ambako Kifaransa pia ni lugha rasmi, zilikuwa zimejiunga tangu mwaka 2007. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubali Kifaransa na Kiswahili vitumike katika Jumuiya hiyo pamoja na Kiingereza.

Kwa hiyo anayejifunza Kifaransa leo katika mkoa wa Njombe si lazima awe anaota kwenda Paris. Anaweza kuwa dereva, wakala wa mizigo, mfanyabiashara wa mbao au viazi, mwalimu, muuguzi au kijana anayetafuta nafasi ya masomo nje ya nchi.

Ufasaha ni nini hasa

Kabla ya kuuliza muda, ni lazima kukubaliana juu ya mwisho wa safari. Neno “ufasaha” kila mtu hulitumia kwa kipimo chake.

Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni kile kilichochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Kinagawa ujuzi wa lugha katika ngazi sita: A1 na A2 kwa anayeanza, B1 na B2 kwa anayejitegemea, na C1 na C2 kwa aliyebobea.

Mwenye A1 anaweza kusalimia, kujitambulisha na kuuliza bei. Mwenye A2 anamudu mambo ya kila siku yaliyozoeleka. Mwenye B1 anaweza kusafiri, kueleza tatizo lake na kusimulia jambo, ingawa kwa kusitasita.

Ngazi ya B2 ndiyo ambayo watu wengi huielewa kama ufasaha. Hapo mtu anazungumza na mwenye lugha bila mmoja wao kutaabika, anatetea hoja na anaelewa habari za kawaida. Vyuo vikuu vingi vya Ufaransa humtaka mwanafunzi wa kigeni awe na ngazi hiyo kabla ya kupokelewa kwa masomo yanayofundishwa kwa Kifaransa.

Hesabu ya saa

Makadirio yanayotumiwa na Alliance Française, asasi iliyoanzishwa Paris mwaka 1883 kwa ajili ya kufundisha Kifaransa, ni haya. Saa zinajumlishwa tangu siku ya kwanza ya kujifunza.

A1: saa 60 hadi 100.
A2: saa 160 hadi 200.
B1: saa 360 hadi 400.
B2: saa 560 hadi 650.
C1: saa 810 hadi 950.
C2: saa 1,060 hadi 1,200.

Chuo cha Marekani kinachoandaa wanadiplomasia wa nchi hiyo kina makadirio yanayokaribiana na hayo. Kwa lugha zilizo rahisi kwa Mmarekani, chuo hicho hutenga wiki 24 hadi 30, yaani saa 600 hadi 750 za darasani, na Kifaransa kimewekwa kwenye wiki 30. Kwa Kiswahili hutenga takriban wiki 36, sawa na saa 900.

Ikumbukwe kuwa wanadiplomasia hao husoma kama kazi ya kutwa. Wako darasani kwa takriban saa tano kila siku ya kazi, katika makundi madogo, na jioni wana mazoezi ya saa kadhaa. Wanalipwa mshahara wakiwa wanasoma.

Mkazi wa Makambako hana nafasi hiyo. Tuchukue saa 600 kama makadirio ya kufikia B2, kisha tuzigawe kwa wiki.

Anayesoma saa 25 kwa wiki atatumia wiki 24, karibu nusu mwaka.
Anayesoma saa 10 kwa wiki atatumia wiki 60, yaani mwaka mmoja na ziada.
Anayesoma saa moja kila siku atatumia takriban miezi 20.
Anayesoma vipindi viwili vya saa mbili kila wiki atatumia wiki 150, karibu miaka mitatu.
Anayesoma saa mbili tu kwa wiki atahitaji wiki 300, karibu miaka sita.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini watu wawili walioanza mwezi mmoja, kwa mwalimu mmoja, wanaweza kuachana mbali baada ya mwaka. Kinachowatofautisha mara nyingi si akili. Ni saa.

Miezi mitatu ina nini ndani yake

Sasa turudi kwenye tangazo la miezi mitatu. Kozi ya saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki 12, ina saa 120. Kwa jedwali la hapo juu, anayeimaliza vizuri atakuwa amevuka A1 na yuko njiani kuelekea A2.

Hilo si jambo dogo. Ni msingi halali, na mwalimu anayeahidi msingi huo anasema kweli. Tatizo huanza pale msingi unapouzwa kwa jina la nyumba nzima.

Mwanafunzi aliyeahidiwa ufasaha, akajikuta baada ya miezi mitatu bado hawezi kufuatilia mazungumzo ya watu wawili, hulaumu kichwa chake. Huacha. Saa zake 120 huanza kufutika, na ada aliyolipa inakuwa imekwenda bure, wakati alikuwa ametembea sehemu moja ya tano ya safari bila kupotea njia.

Umri si kizuizi, ila una masharti

Dhana kwamba mtu mzima hawezi kujifunza lugha ina historia. Mwaka 1967 mtaalamu Eric Lenneberg alitoa hoja kuwa ubongo wa binadamu una kipindi maalumu cha kupokea lugha, ambacho hufikia ukomo karibu na balehe. Hoja hiyo imejadiliwa tangu hapo.

Uchunguzi uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 1978, ukiwahusu wazungumzaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiholanzi, ulionyesha kuwa vijana na watu wazima walikwenda kasi kuliko watoto wadogo katika miezi ya mwanzo. Mwaka 2018 uchunguzi mwingine uliotumia majibu ya watu wapatao 670,000 ulionyesha kuwa uwezo wa kuinasa sarufi ya lugha ya pili hadi kulingana na mzawa huanza kushuka karibu na umri wa miaka 17.

Tafiti hizo mbili hazipingani. Mtu mzima anaanza kwa kasi kwa sababu anajua kusoma, anaelewa kanuni na ana nidhamu. Mtoto humzidi mwishoni, hasa katika matamshi. Kwa maneno mengine, anayeanza akiwa na miaka 35 anaweza kuwa fasaha, lakini huenda lafudhi yake ikamtambulisha daima. Kwa anayefanya biashara au kazi ya ofisini, hilo si hasara.

Historia ya pwani yetu inatoa ushahidi. Padri Charles Sacleux, Mfaransa, alifika Zanzibar mwaka 1879 akiwa tayari mtu mzima. Alikaa Zanzibar na Bagamoyo hadi mwaka 1898, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyochapishwa Paris kuanzia mwaka 1939, hadi leo inaheshimiwa na wachunguzi wa Kiswahili. Kama Mfaransa aliweza kuja huku, hakuna kinachomzuia Mbena kwenda kule.

Faida za mzungumzaji wa Kiswahili

Makadirio ya Wamarekani yana dosari moja kwetu. Yalitokana na watu ambao Kiingereza ni lugha yao, na Kiingereza kilichukua maelfu ya maneno ya Kifaransa baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Mtanzania aliyemaliza kidato cha nne akiwa na Kiingereza kizuri atafaidi urithi huo. Asiye na Kiingereza ajiwekee akiba ya muda zaidi, hasa upande wa msamiati.

Hata hivyo, hatakuwa mikono mitupu. Kiswahili chenyewe kina maneno yanayofanana na ya Kifaransa: hoteli, benki, polisi, posta, tiketi, sinema, daktari. Divai inaaminika kutokana na Kifaransa.

Faida kubwa zaidi iko kwenye sarufi. Kifaransa hugawa nomino zote katika jinsi mbili, ya kiume na ya kike, na sifa hulazimika kufuata. Mwingereza huona ajabu. Anayesema “kitabu kizuri” na “nyumba nzuri” tangu utotoni, na pengine Kibena au Kikinga nyumbani, amezoea upatanisho wa ngeli nyingi zaidi. Kinachobaki ni kukariri jinsi ya kila nomino, na njia salama ni kujifunza neno pamoja na kitangulizi chake: si “table” bali “la table”, si “livre” bali “le livre”.

Vilevile, Mfaransa husema “je le vois”, akiweka anayeonwa kabla ya kitenzi. Mswahili husema “ninamwona”, na kile kiambishi “-mw-” nacho kimetangulia mzizi wa kitenzi. Mpangilio huo kwetu si mgeni.

Mahali penye kona kali

Ugumu uko masikioni na katika maandishi. Kiswahili kina irabu tano na huandikwa kama kinavyotamkwa. Kifaransa kina sauti za irabu zaidi ya kumi, baadhi zikipitia puani, na herufi nyingi za mwisho hazitamkwi. “Parle”, “parles” na “parlent” huandikwa tofauti, lakini sauti ni moja.

Sauti inayowasumbua wengi ni ile ya herufi “u”. Asiyeitofautisha na “ou” atachanganya “rue”, yaani barabara, na “roue”, yaani gurudumu. Atachanganya pia “dessus”, yaani juu, na “dessous”, yaani chini. Kwa mtu anayesimamia upakiaji wa mzigo, tofauti hiyo ina thamani ya fedha.

Tarakimu nazo zina mtego. Kwa Kifaransa cha Ufaransa, 70 husemwa “sitini na kumi”, 80 ni “ishirini nne”, na 90 ni “ishirini nne na kumi”. Lakini Kongo, Burundi na Rwanda zilitawaliwa na Wabelgiji, na huko utasikia “septante” kwa 70 na “nonante” kwa 90. Mfanyabiashara aliyesoma kitabu cha Paris tu anaweza kushindwa kuelewa bei aliyotajiwa Lubumbashi.

Kusoma bila shule jirani

Vituo vya Alliance Française vinavyojulikana zaidi nchini viko Dar es Salaam na Arusha. Kutoka Makambako hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Kwa mkazi wa huku, darasa la kila siku katika kituo cha namna hiyo halipo.

Njia iliyobaki ni kuzikusanya saa kutoka vyanzo mbalimbali. Cha kwanza ni mwalimu. Kifaransa ni somo la hiari katika baadhi ya shule za sekondari, na walimu wake hufundishwa nchini, ukiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aidha, mafunzo kwa njia ya intaneti yamepunguza umbali kwa anayemudu kifurushi.

Chanzo cha pili ni sikio. Redio ya Kimataifa ya Ufaransa, RFI, yenye idhaa ya Kiswahili tangu mwaka 2010, hutoa pia taarifa ya habari kwa Kifaransa chepesi, maalumu kwa wanaojifunza. Televisheni ya TV5Monde ina mazoezi ya bure kwenye mtandao, yaliyopangwa kwa ngazi. Anayesikiliza habari kwa Kiswahili kwanza, kisha zile zile kwa Kifaransa, ataelewa mengi kuliko anavyotarajia.

Chanzo cha tatu ni watu. Katika mji wa njia panda, Mkongomani au Mrundi si mgeni wa nadra. Nusu saa ya mazungumzo ya kweli hufichua mapengo ambayo kitabu hakiyaonyeshi.

Kuhusu msamiati, anayeanza asitishwe na unene wa kamusi. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Ufaransa wakiongozwa na Georges Gougenheim waliandaa orodha ya msingi yenye takriban maneno 1,500 tu, baada ya kurekodi mazungumzo ya kawaida ya watu. Maneno matano kwa siku yatafika hapo ndani ya miezi kumi.

Adui mkubwa ni pengo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kuwa mtu husahau haraka sana alichojifunza asipokirudia, na kwamba marudio yaliyotawanywa hudumu kuliko yaliyorundikwa siku moja. Katika mkoa ambao mvua za kuanzia Novemba huwaita watu shambani, mwanafunzi ni heri apunguze hadi dakika 20 kwa siku kuliko kuacha kabisa hadi mavuno. Haba na haba hujaza kibaba.

Lengo ndilo linaloamua

Si kila mtu anahitaji saa 600. Dereva wa masafa ya Lubumbashi atakuta mitaani watu wanazungumza Kiswahili, kwani ni moja ya lugha nne za taifa za Kongo, ingawa kina ladha yake. Kifaransa atakikuta ofisini na kwenye nyaraka. Kwake, A2 iliyojengwa juu ya maneno ya mizigo, kodi, tarakimu na matengenezo ya gari inaweza kutosha, nayo ni saa 200.

Mfanyabiashara anayetaka kujadiliana bei na kuandikiana barua alenge B1. Anayetaka chuo kikuu au kazi ya ukalimani hana njia ya mkato: B2 kwa wa kwanza, C1 au zaidi kwa wa pili.

Anayehitaji uthibitisho anaweza kufanya mtihani wa DELF, ulioanzishwa mwaka 1985, ambao hutolewa kwa ngazi za A1 hadi B2. Una sehemu nne zenye alama 25 kila moja: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Kufaulu ni alama 50 kati ya 100, na hakuna sehemu inayoruhusiwa kushuka chini ya alama tano. Cheti chake hakiishi muda. Kwa mkazi wa huku, nauli na malazi ya siku za mtihani viingizwe kwenye bajeti mapema.

Kabla ya kulipa ada

Anayetaka kujiunga na kozi yoyote aulize maswali manne. Kozi ina saa ngapi kwa jumla? Inaishia ngazi gani? Mwalimu mwenyewe ana ngazi gani? Na baada ya kozi, nani ataendelea kunisikiliza nikizungumza? Mwenye kozi ya haki hatakwazika na maswali hayo.

Baada ya hapo, mwanafunzi anunue daftari dogo na kuandika kila siku dakika alizosoma, alizosikiliza na alizozungumza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na muda nao ni mali.

Mwaka ukiisha, daftari hilo litamweleza mwenyewe alipofika. Kama lina saa 90, asishangae kuwa bado anasalimia na kuuliza bei. Kama lina saa 350, anakaribia kujitegemea, na Mkongomani aliyeketi naye kwenye basi la Tunduma ataligundua hilo kabla yake.